Shanga Zisizosimama Zenyewe

"Huu si wa bibi yangu," alisema Lorna Hill kwa mara ya tatu, na safari hii akausukuma mkoba katikati ya meza kama mtu anayerudisha sahani iliyokutwa na unywele.

Mulazim Kheiria binti Msellem, luteni wa polisi ya Muscat, hakuugusa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, kiyoyozi cha chumba cha mahojiano kilikuwa kikivuma ovyo, na hakuna aliyejisumbua kumweleza kwa nini jalada hili limetua kwake, yeye wa kitengo cha nyaraka za kughushi. Alijua mwenyewe. Mtuhumiwa alikuwa mtumishi wa ndani kutoka Tanzania, na katika kituo kizima hapakuwa na ofisa mwingine aliyelelewa kwa Kiswahili. Hawakuitaka akili yake, waliutaka ulimi wake, na jambo hilo lilimkera tangu alipoamka.

Kesi yenyewe haikuwa ndefu. Marehemu Dakta Majid alisoma Buffalo, Marekani, miaka ya themanini, akapanga chumba kwa bibi mmoja wa Kituscarora. Watuscarora ni moja ya mataifa sita ya Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wa pande zile za maporomoko ya Niagara, na wanawake wao wamesifika kwa kazi ya shanga tangu zamani. Alipohitimu, yule bibi akampa zawadi ya kuagana: mkoba wa shanga ulioshonwa na mama yake zaidi ya miaka mia na ishirini iliyopita. Dakta akaufungia kabatini miaka arubaini. Mwaka jana, kabla hajafa, akaandika katika wasia wake kwamba mkoba ule urudi kwa wenyewe.

Mwenyewe ndiye huyu Lorna, mjukuu wa yule bibi, mwalimu mstaafu mwenye nywele za mvi zilizosukwa mkia mmoja. Alikuja na meli ya watalii iliyotia nanga Bandari ya Sultan Qaboos tangu jana, na meli hiyo ingeng'oa nanga leo saa kumi na mbili jioni. Jana alikabidhiwa mkoba mbele ya familia nzima, kwa kahawa na halua. Akaugeuza mara moja tu, akasema maneno yale yale aliyokuwa akiyasema sasa. Kabla jua halijatua, Ayman, mtoto wa marehemu, alikwisha mfikisha polisi mtumishi wao, Conjesta. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

"Nionyeshe," alisema Kheiria kwa Kiingereza chake cha pole. "Mimi nimezoea hundi na vyeti bandia. Shanga sizijui."

Lorna akavaa miwani. Mkoba ulikuwa wa mahameli ya zambarau, mpana kama kiganja kilichokunjuliwa, na mbele yake alikaa ndege mweupe juu ya tawi la matunda madogo mekundu. Shanga zake zilikuwa ndogo mithili ya punje za ulezi.

"Tazama bawa," alisema. "Kwetu, nafasi ya shanga tano tunaipa shanga nane. Hazina pa kulala, kwa hiyo uzi unapinda kwenda juu na shanga zinasimama zenyewe. Chini yake ni hewa tupu, sindano inapita." Alichomeka sindano chini ya bawa, ikagota. "Aliyeshona huu ameweka pamba. Ameona shanga zimeinuka, hakujua zimeinuliwa na nini. Lakini mkono anao, nakwambia kweli. Mishono yake ni midogo kuliko yangu. Sioni fundo hata moja."

"Hauwezi kuwa wa kiwandani?"

"Kiwanda hakina subira hii." Lorna akaubinya mkoba kwa kidole gumba. "Sikiliza."

Kheiria akainama. Chini ya shanga kulikuwa na mchakacho mdogo.

"Karatasi," alisema Lorna. "Sisi hukata ndege wa karatasi, tukamlaza juu ya mahameli, tukashona shanga juu yake. Karatasi hubaki mle ndani daima. Ukiutazama mkoba kwa nje huwezi kuijua. Huyu aliijua."

Kheiria akaandika neno karatasi, akalipigia mistari miwili.

"Tena unanukia," Lorna aliongeza. "Moshi mtamu."

"Udi," alisema Kheiria. Hilo halikumsaidia kitu. Muscat nzima inafukiza udi, hata jalada lililokuwa mbele yake lilinukia.

*

Conjesta alikuwa mwanamke wa Bukoba wa miaka thelathini na minane, mwembamba, mwenye msalaba mdogo shingoni na vidole vyenye alama za sindano. Alikuwa amekaa wima kama mtu aliyealikwa.

"Habari za asubuhi, afande," alisema.

"Nzuri. Ulinunua shanga soko la Mutrah?"

"Nilinunua."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Za kwanza zilikuwa kubwa mno. Za pili rangi ilikataa."

"Nani alikutuma?"

Conjesta akaiangalia mikono yake. "Mambo yangu niulize, afande, nitakujibu. Ya watu sisemi."

"Haya, ya kwako. Kofia unajua kushona?"

"Najua. Mama alinifundisha, Bi Mwanakheri, mamake Ayman. Kofia aliyovaa Ayman siku ya harusi yake, nusu ya vitundu vya viua vyake nimevitoboa mimi."

Kheiria alilitazama jibu lile kwa masikitiko. Mwanamke huyu alikuwa akijifunga kamba mwenyewe, na alikuwa akiifunga kwa fahari.

"Nisikilize vizuri, Conjesta. Ayman anasema uliubadilisha mkoba, ukauza ule wa kweli. Ukitia saini karatasi hii ya kukiri, kesho unapandishwa ndege, na alama za vidole vyako zinabaki hapa kama za mwizi. Hutafanya kazi Ghuba tena, si hapa, si Dubai, si Doha. Usipotia, jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Sitii."

"Basi jitetee."

"Mama atakuja kunitetea. Aliniambia jana nilipokuwa navaa viatu. Conjesta, tulia, mimi nitakuja. Yule ni mwalimu wa Kurani, afande, hana maneno mawili."

Kheiria alikuwa amewasikia wengi wakisema hivyo. Kila mtumishi aliyepitia kituoni pale alikuwa na bwana au bibi atakayekuja sasa hivi, na kiti cha mapokezi kilikuwa kitupu tangu jana. Akafunga jalada, akatoka.

*

Duka la shanga lilikuwa uchochoro wa pili wa soko la Mutrah, hatua chache kutoka barabara ya pwani, limejaa mikanda, lesi na vifungo mpaka darini. Mwenye duka, Mhindi mzee aliyekaa Oman kuliko Waomani wengi, aliitambua picha ya Conjesta papo hapo.

"Huyu alinisumbua," alisema kwa Kiarabu chake cha sokoni. "Kila shanga haimridhishi. Alikuwa na picha ya mkoba kwenye simu, anazilinganisha."

"Alikuja peke yake?"

"Peke yake, lakini si peke yake. Alipiga simu ya video, akaziinua shanga mtu wa upande wa pili azione. Mtu huyo anasema, yeye anarudisha, anachukua nyingine."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Alivaa kitu masikioni, sikusikia. Ila yeye alijibu kwa lugha ya Zinjibari."

Kwa hiyo alikuwapo mtu, na mtu huyo alisema Kiswahili. Kheiria alisimama nje ya duka akitafakari, na jina la kwanza lililomjia lilikuwa la Ayman mwenyewe. Ndiye aliyekuwa na funguo za nyumba, ndiye mrithi, na ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Akampigia.

"Ukhti Kheiria!" Sauti ilikuwa ya mtu aliyekuwa akiingojea simu. "Imekwisha?"

"Bado. Wewe uliuona mkoba lini kwa mara ya mwisho?"

"Wallah sikumbuki. Siku ya kusomwa wasia. Yaani, mimi mambo ya shanga wapi na wapi?"

"Una hakika uliuzwa?"

"Sasa utakuwa umekwenda wapi? Sikiliza, meli inaondoka saa kumi na mbili. Yule mama hawezi kuondoka na picha hii ya nyumba yetu. Mwache Conjesta atie saini, khalas. Tiketi nimeshamkatia."

"Umeshamkatia?"

"Tangu jana."

Wapo watu wanaokata tiketi kabla ya hukumu, na wengi wao si wezi, ni watu waliozoea kutumikiwa tu. Kheiria alilijua hilo. Hata hivyo alimtaka Ayman awe mwizi, alimtaka kwa moyo wote, na njia nzima kurudi kituoni alikuwa akimjengea kesi kichwani. Kesi ile ilikuwa na tobo moja kubwa. Ayman asingeweza kushona hata kifungo.

*

Ruhusa ya kufumua kielelezo ilichukua saa nzima na simu nne. Mwishowe mkubwa wake akakubali bawa moja tu, mbele ya Lorna, na kila hatua ipigwe picha. Lorna akatoa mkasi wake mdogo mwenyewe, kwa kuwa hakuuamini wa serikali.

Uzi ukakatika. Shanga zikamwagika kwenye sahani nyeupe. Ikatoka pamba, kisha karatasi, kipande cha umbo la bawa kisichozidi kidole gumba. Lorna akakishika kwa kibanio, akakiweka chini ya taa.

Lilikuwa gazeti la Kiarabu. Na lilikuwa na matundu mawili ya mraba, yamekatwa safi, kila moja dogo kuliko punje ya mchele.

"Haya ni ya nini?" aliuliza Lorna. "Ya kupitishia uzi?"

"Hakuna uzi uliopita hapo."

Kheiria akasogeza taa. Ilikuwa orodha ya majina, labda ya wahitimu wa mafunzo fulani. Mstari wa kwanza ulikuwa na Abd, kisha tundu. Mstari wa tatu ulikuwa na Abd nyingine, kisha tundu. Alisoma mara mbili, ingawa mara ya kwanza ilitosha, kisha akarudi nyuma kwenye kiti.

"Unajua nini maana yake," alisema Lorna. Hakuwa akiuliza.

"Najua. Hapo palikuwa na jina la Mungu. Abdallah, mja wa Mwenyezi Mungu. Mkoba huwekwa chini, hukaliwa, hupelekwa msalani. Jina lile haliwezi kushonewa humo. Kwa hiyo mtu amekaa na mkasi, akalitoa kwanza, kisha ndiyo akaendelea kughushi."

Lorna akakirudisha kipande kwenye sahani. "Mtu mwenye adabu," alisema.

"Sana."

Kheiria hakumwambia yaliyobaki. Alipokuwa na miaka minane alisomeshwa Kurani likizo nzima kwenye baraza moja ya Sib, kando ya Muscat, na alasiri, masomo yakiisha, wasichana waligawiwa magazeti ya kufungia maandazi ya sadaka, pamoja na mkasi. Jina la Mola halifungiwi andazi, mwalimu wao alikuwa akisema, na aliyeacha hata moja alirudishwa kuanza upya. Mwalimu yule alishona kofia huku akiwasikiliza. Mishono yake haikuonyesha fundo.

Akainuka, akachukua gazeti la siku ile kutoka mapokezi, akaingia nalo kwa Conjesta.

"Nionyeshe hapa neno Mungu limeandikwa wapi."

Conjesta akalishika gazeti, akaligeuza, akaligeuza tena. "Afande, Kiarabu mimi nakisikia tu. Kukisoma sijui. Kwani gazeti limeandika habari zangu?"

"Hapana," alisema Kheiria. "Hawajui habari zako."

Mwendo wa korido ulimtosha kuyapanga. Aliyeshona alikuwa mcha Mungu asomaye Kiarabu, naye Conjesta hasomi. Aliyeshona alijua kwamba ndani kuna karatasi, basi alikwisha iona ndani ya mkoba wa kweli, na huwezi kuiona mpaka shanga zitoke. Lakini hakujua shanga zilivyosimama, basi alipoiona karatasi shanga zilikwisha anguka zote. Mwizi anayetaka kuuza haubomoi mkoba. Mkoba ule haukuuzwa. Uliharibika, na mtu fulani alifanya kazi ya wiki nyingi ili hilo lisijulikane.

*

Saa nane na nusu alikuwa mlangoni kwa akina Ayman, mtaa wa Mawaleh. Alivua viatu. Ayman akamtangulia ukumbini, akisema neno la chai na neno la saa kwa pamoja.

Bi Mwanakheri alikuwa kwenye kochi karibu na dirisha, kofia ambayo haijakwisha mapajani, sindano mkononi. Mwaka mmoja wa ujane ulikuwa umempunguza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wee si Kheiria wa Msellem? Umekonda. Huko polisi hawakulishi?"

Kheiria akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alitoa mfuko wa plastiki wenye kile kipande cha karatasi, akauweka juu ya meza ya kahawa, upande wa matundu juu. Bi Mwanakheri akautazama. Akachomeka sindano kwenye kofia taratibu, isije ikapotea.

"Hicho nini?" aliuliza Ayman.

"Kimetoka ndani ya mkoba," alisema Kheiria. "Mwalimu anakijua."

"Mama anajuaje?" Ayman alicheka kidogo, akamtazama mama yake, na kicheko kikamkauka. "Mama?"

"Nlitaka kuutakasa tu," alisema Bi Mwanakheri. Sauti ilikuwa ileile ya barazani, haikutetemeka. "Amana ya watu hairejeshwi na vumbi. Miaka arubaini kabatini, unanuka uvundo. N'kasema, mgeni anatoka mbali, huu wasia wa mume wangu, n'utie maji kidogo, n'ufukize udi, nimkabidhi kitu kinachong'ara. Kofia ngapi n'shaziosha mie! Kofia ya viua unaiosha, unaipiga wanga, inarudi mpya. N'kautia beseni, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Nlipokuja kuutoa, uzi umeoza wote. Shanga ziko chini ya beseni. Na yule ndege wa karatasi kanirojekea mkononi kama mkate uliotiwa chai."

"Ukaushona upya," alisema Kheiria.

"Wiki saba. Kwa macho haya. Conjesta kanitafutia shanga, basi, uzi hakuugusa. Siku ya mwanzo alinambia, Mama, mwambie mgeni tu, atafahamu. N'kamwambia nyamaza, wee hujui aibu ya watu wazima. Nani angenielewa? Miezi sita tu baada ya kumzika mtu, wasia wake nimeutia sabuni."

"Na jana, Ayman alipomchukua?"

Bi Mwanakheri akageuza uso dirishani. Mashine ya kufulia ilisikika huko uani, ikizunguka bila ya mtu wa kuiangalia.

"Nlijua n'takwenda," alisema mwishowe. "Leo nimevaa buibui tangu saa mbili. Nimekaa pale, kiti cha mlangoni. Adhuhuri ikaadhiniwa, n'kalivua. Nna wasichana thalathini wanakuja kusoma hapa, Kheiria. Wazee wao wananiletea kwa ajili ya jina langu."

Kheiria alihisi uchungu ukimpanda, uchungu wa mtoto aliyemkuta mwalimu wake anadokoa, na hakujaribu kuumeza.

"Jina la Mola ulilitoa kwa mkasi lisidhalilike," alisema. "La Conjesta umeliacha humo humo ndani."

Bi Mwanakheri akafumba macho.

"Ukhti Kheiria, basi," alisema Ayman. Alikuwa amesimama, simu mkononi, tayari kumpigia mtu fulani. "Yamekwisha. Nafuta mashtaka sasa hivi. Andika hapakuwa na ushahidi, kila mtu aende zake. Khalas, Conjesta tumemsamehe."

"Mmemsamehe nini?"

Ayman akaitia simu mfukoni.

"Nikiandika hapakuwa na ushahidi, maana yake aliiba ila hatukumweza," alisema Kheiria. "Ushahidi upo. Nitaandika maelezo ya Mwalimu, na atatia saini yeye mwenyewe."

"Unamjua huyu ni nani? Huyu alikusomesha!"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma mtu."

"Mwache aandike," alisema Bi Mwanakheri.

Maelezo yalichukua dakika arubaini. Aliyatoa vizuri, bila ya kujipunguzia, tarehe kwa tarehe, na aliposomewa akasahihisha mahali pamoja: sabuni haikuwa kidogo, ilikuwa vijiko viwili. Akatia saini. Kisha akaenda chumbani, akarudi na bati la biskuti. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mahameli kilichokauka na kujikunja, na shanga zote za mkoba wa kweli, zimeoshwa, zimetengwa rangi kwa rangi katika vikaratasi.

"Hata moja sikuitupa," alisema.

"Gari liko nje, Mwalimu. Twende. Conjesta yuko kituoni tangu jana anakungoja wewe, si mimi."

Bi Mwanakheri aliutazama mlango. Ulikuwa umbali wa hatua kumi. Alisimama pale na mikono imemning'inia, na kwa muda Kheiria aliamini kabisa kwamba atakwenda kulitwaa buibui lake.

"Leo siwezi," alisema. "Mwambie namtaka radhi."

"Mama ana presha," alisema Ayman.

*

Lorna alikuwa na robo saa kabla ya kurudi bandarini. Kheiria alimweleza yote akiwa amesimama, kisha akamfungulia bati.

Lorna hakulia. Aliingiza kidole katika shanga nyekundu, akazikoroga polepole, akaokota moja na kuiinua kwenye taa.

"Vijiko viwili vya sabuni," alisema.

"Ndiyo."

"Angeniambia jana. Ningepiga kelele kidogo, nisikufiche. Halafu tungekaa chini, mimi na yeye, tukaanza kazi. Bibi yangu alikuwa akifumua mikoba ya zamani, anatoa shanga anashonea mipya. Mkono kama ule, ningemfundisha kuzisimamisha shanga kwa siku moja." Akafunga bati kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Nimesafiri nusu ya dunia, na kuna mtu hapa anayeshona kuliko mimi, na sitaki hata kumwona. Yule mwanamke mliyemfungia, yuko wapi?"

"Namtoa sasa."

"Mwambie samahani. Nilisema mkoba si wetu, sikumtaja yeye. Lakini nilisema, kisha nikaenda kulala melini."

Alitia saini ya kupokea bati. Mkoba wenye bawa lililofumuliwa aliuacha mezani, akatoka bila kuutazama.

Conjesta alikuwa amekaa vilevile, wima. Kheiria akamwekea fomu ya kuachiwa na kalamu.

"Umeachiwa. Jalada limeandikwa wazi nani kafanya nini, na wewe hukufanya kitu. Alama za vidole vyako zinafutwa. Yule mgeni anakuomba samahani."

Conjesta akajifanyia ishara ya msalaba. Kisha akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu jana, akaangalia mlangoni juu ya bega la Kheiria.

"Mama yuko hapo nje?"

"Hakuja. Anakutaka radhi."

"Ni presha yake. Lakini amesema, si ndiyo? Mwenyewe amesema."

Uongo mdogo ulikuwa tayari ulimini mwa Kheiria. Usingemdhuru mtu, na pengine ungemponya mmoja. Lakini alikuwa ameutumia mchana mzima kuchokonoa uongo wa mtu mwenye nia njema, na alikuwa amechoka nao.

"Nilimwonyesha karatasi," alisema. "Ndipo akasema."

Conjesta akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anayesikiliza maelekezo ya njia. Akachukua kalamu, akatia saini kwa herufi ndogo zilizonyooka.

"Ayman anasema unaweza kurudi nyumbani leo hii," alisema Kheiria. "Kazi yako ipo."

"Afande, ile tiketi ya kesho bado ipo?"

"Ipo. Lakini si lazima. Hakuna anayekufukuza sasa."

"Najua." Conjesta aliikunja fomu mara mbili, akaikunja tena. "Kila Jumapili nampigia mama yangu kule Bukoba. Ananiuliza, ukiumwa huko nani anakuangalia? Miaka kumi na moja namjibu, usihangaike, huku nina mtu."

Akasimama, akajinyoosha sketi.

"Nipeleke uwanja wa ndege, afande. Nitalala kwenye viti."

Kheiria akachukua funguo za gari.